Ikarus 280 likigoma: kufuata dalili mpaka kwenye chanzo

Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1980 wanalijua kwa jina la kumbakumba: basi refu la UDA (Shirika la Usafiri Dar es Salaam), vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa kodiani ya mpira, yaani ukuta wa mikunjo. Vijana waliopanda basi la namna hiyo mara ya kwanza mwaka 2016, mwendokasi (mabasi ya njia maalumu) ilipoanza, hudhani ni kitu kipya mjini. Wazazi wao walishasimama juu ya kiungo kama kile na kuyumba nacho kila kona.

Ikarus 280 ilianza kutengenezwa Hungaria mwaka 1973, na hadi uzalishaji unakoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimetoka zaidi ya 60,000, nyingi zikienda Umoja wa Kisovieti. Basi lina urefu wa mita 16.5 na ekseli tatu, na injini yake ya dizeli imelala ubavu chini ya sakafu ya kipande cha mbele. Jiji la Budapest liliyaaga kwenye ruti za kila siku Novemba 2022. Yaliyobaki Ulaya mengi yako kwenye makumbusho na kwa vilabu na watu binafsi wanaoyafufua. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye na basi kama hilo mbele yake, au basi jingine la mjini la rika hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo haya haichagui chapa.

Kabla ya kushika spana, jiulize swali moja: huu ni ugonjwa wa kazi au ugonjwa wa kulala? Basi la mjini halichakai kama lori la safari ndefu. Linasimama na kuondoka kutwa nzima, kwa hiyo klachi, breki, milango na nyaya ndivyo vinavyokwisha kwanza, hata kama injini bado ina nguvu. Kisha likistaafu linaegeshwa uwanjani miaka mingi, na hapo yanaingia mengine: sili zinakauka, vali zinaganda, maji yanajikusanya kwenye tenki, kutu inakula fremu kimyakimya. Dalili moja inaweza kutoka upande wowote kati ya hizo mbili, na dawa zake hazifanani. Asiyetofautisha hununua vifaa vipya na kuvifunga juu ya ubovu uleule.

Kwanza, usalama wa kuingia chini

Bodi ya basi hili imebebwa na maputo ya upepo. Mpira mmoja ukipasuka au bomba likichomoka, basi linashuka papo hapo, na nafasi uliyokuwa umejilaza inatoweka. Jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma chini ya fremu, mahali ambapo umegonga kwa nyundo na kuhakikisha chuma ni kizima. Silinda za breki ya maegesho zina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuua mtu. Kifuniko chake hakifunguliwi gereji ya kawaida. Na lining za breki (vibao vinavyosuguana na ngoma ya gurudumu) za enzi hizo zilikuwa na asbestosi. Usipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji, ulifute, ulifunge kwenye mfuko.

Stata inazunguka, injini haiwaki

Angalia egzosi wakati mwenzako anapiga stata. Kama hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya silinda. Mafundi wengi hukimbilia pampu ya dizeli, kwa sababu ndiyo kifaa cha bei kubwa na kinachoonekana cha ajabu. Anza kwenye tenki.

Basi lililolala lina maji tenkini, hasa maeneo ya pwani yenye unyevunyevu. Pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu, na matokeo yake ni utelezi mweusi unaoziba kichujio cha ndani ya tenki. Dalili yake haikosei: injini inawaka, inafanya kazi dakika chache, inaishiwa nguvu na kuzima, ukiiacha ipumzike inawaka tena. Ule uchafu ulivutwa hadi kwenye mdomo wa bomba, injini ilipozima ukaanguka chini. Kubadilisha filta hapo ni kupoteza hela. Tenki lishushwe, lioshwe, likaguliwe kutu kwa ndani.

Kama inawaka na kuzima baada ya nusu dakika, na haiwaki tena mpaka upige pampu ya mkono, inavuta hewa. Wengi hudanganyika hapa kwa kutafuta mahali panapovuja dizeli. Kati ya tenki na pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka humo (pampu ya kuvutia), bomba linanyonya, kwa hiyo tundu lililopo huingiza hewa na huenda lisidondoshe hata tone. Bomba likiwa kavu usilihesabu kuwa zima. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvutia na utazame mapovu. Yakionekana, rudi nyuma kiungo kimoja kimoja ukielekea tenkini. Mara nyingi mkosaji ni mpira mkongwe uliopasukapasuka au washa ya shaba iliyotumika mara nyingi. Washa ya shaba inaweza kurudishwa ulaini wake: ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, ipige msasa mwembamba. Lakini kwa bei yake, mpya ni bora.

Kuna jambo lililowashangaza wengi. Pampu ambayo haijaguswa na mtu inaanza kuvuja. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni (50 ppm), na Ulaya walishapita hatua hiyo zamani. Sili za mpira zilizozoea dizeli ya kale zilikuwa zimevimba kidogo ndani yake. Zikikutana na dizeli mpya husinyaa na kuachia. Ulaya pia dizeli ya kawaida ya vituoni inaruhusiwa kuwa na biodizeli hadi asilimia 7, ambayo hulainisha mipira ya zamani. Kwa hiyo katika ufufuaji wowote, mipira yote ya dizeli na sili za pampu zibadilishwe kwa mkupuo, ziwe za mpira unaostahimili mafuta ya sasa.

Stata ikizunguka kwa uvivu, toa mita. Mfumo ni wa volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatanishwa. Betri zilizojaa na kupumzika zionyeshe volti 25 na ushei. Wakati wa kupiga stata zikishuka chini ya 18, betri zimechoka au stata imekwama. Zikibaki juu na stata bado inasuasua, umeme unapotea njiani. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na fremu moja kwa moja, kwa hiyo inategemea mkanda wa waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye fremu. Mkanda huo ukishika kutu, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, wakati mwingine kupitia kebo ya klachi au bomba la chuma, na unaweza kuona moshi mahali ambapo hapahusiani na umeme kabisa. Pima volti kati ya mwili wa injini na fremu wakati stata inazunguka. Ikizidi nusu volti, safisha athi kwanza.

Moshi: rangi na wakati

Rangi peke yake haitoshi. Lazima ujue umetoka lini.

Injini ya kawaida ya 280 ni D2156, silinda sita, lita 10.35, iliyotengenezwa na kiwanda cha Rába mjini Győr, Hungaria, kwa leseni ya MAN ya Ujerumani. Uchomaji wake una tabia ya pekee. Sehemu kubwa ya dizeli inapakwa kwenye ukuta wa bakuli la mviringo lililochongwa kichwani mwa pistoni, kisha joto la chuma ndilo linaloivukiza. Ikipata moto, injini hii inanguruma kwa upole kuliko nyingi za rika lake. Ikiwa baridi, dizeli haivuki vizuri, na moshi mweupe wenye harufu ya mafuta mabichi hutoka kwa wingi. Asubuhi ya Januari Warsaw hilo ni jambo la kawaida. Mahali penye nyuzijoto 28 asubuhi, moshi mweupe usioisha ni dalili ya ubovu.

Kupata silinda yenye tatizo, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma taratibu, ukiwa na miwani na glavu, maana dizeli yenye mgandamizo hutoboa ngozi. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo haifanyi kazi. Hapo badilishana nozeli yake na ya jirani: ubovu ukihama na nozeli, umepata jibu, ukibaki palepale, pima kompresheni. Kwa injini ya mfumo huu usifunge nozeli yoyote inayoingia tu. Mwelekeo wa mpulizo ndio unaoipaka dizeli pale inapotakiwa, na nozeli ya injini nyingine itaijaza moshi hata kama ni mpya kabisa.

Moshi mweupe usio na harufu ya dizeli, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia silinda: gasketi ya hedi (kichwa cha injini), hedi iliyopasuka, au slivu (ganda la ndani la silinda) iliyotoboka.

Moshi wa bluu wakati wa kuwasha tu, kisha ukaisha, unaelekeza kwenye gaidi za vali (vibomba vinavyoongoza vali) na sili zake. Wa bluu wakati wa kupanda mlima na mzigo ni ringi za pistoni. Na hapa nina ugomvi na desturi moja ya wapenzi wa mabasi: kuliwasha basi kila Jumamosi, likanguruma saa nzima palepale uwanjani, halafu kulizima kwa furaha kwamba “linafanya kazi”. Injini isiyo na mzigo haipati moto wa kutosha. Kuta za silinda zinang’aa na kuacha kushika oili, mvuke wa maji unabaki ndani ya oili, na baada ya miaka miwili unapata basi linalotoa moshi wa bluu bila kwenda popote. Kama huwezi kuliendesha barabarani kwa mzigo, ni afadhali lisiwashwe.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Filta ya hewa kwanza, nozeli zinazodondosha pili. Tatu, tazama lakiri ya pampu ya dizeli. Kwenye maisha ya kazi, mabasi yaliyojazwa kupita kiasi yalikuwa na mafundi waliofungua skrubu ya kiwango cha dizeli ili dereva apate nguvu. Lakiri ikiwa imekatwa, pampu iende kwenye benchi la kupimia. Usijaribu kuirudisha kwa kusikiliza.

Injini inachemsha

Uliza: inachemsha foleni au mwendo kasi? Ikichemsha foleni na kupoa barabara ikifunguka, hewa haipiti: mkanda wa feni umelegea, au mapezi ya rejeta yamejaa vumbi na mafuta. Kumbuka injini iko chini ya sakafu, kwenye njia ya matope yote ya barabarani. Ikichemsha mwendo kasi au mlimani, maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani au pampu ya maji imeliwa mapanga yake.

Halafu kuna suala la termostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto. Gereji nyingi za kwetu huing’oa siku ya kwanza, eti nchi ya joto haihitaji. Kwenye injini ambayo termostati yake pia hufunga njia ya mkato, kuing’oa kunaiacha njia hiyo wazi daima, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Basi linachemsha kwa sababu ya kile kilichoondolewa ili lisichemshe. Kabla ya kununua rejeta, fungua nyumba ya termostati uone kama kuna kitu ndani.

Maji ya bomba matupu ni adui wa pili. Kwenye injini ambayo slivu zake zimezungukwa na maji moja kwa moja, mtetemo wake huumba vipovu vinavyotoboa chuma kwa nje, vishimo vidogo kama vimechimbwa kwa sindano. Dawa ya rejeta yenye kinga ya kutu si anasa ya nchi za barafu.

Upepo haujai, au basi linalala usiku

Breki, milango na maputo yote yanategemea upepo, kwa hiyo hapa usiruke hatua.

Jaza upepo mpaka kidhibiti kikate, kwa kawaida kati ya bar 7 na 8. Zima injini, usikanyage kitu, tazama mshale. Ukishuka, uvujaji uko kwenye matenki, maputo au mabomba ya kudumu. Ukitulia, mwambie mtu akanyage breki na kuishikilia. Ukianza kushuka sasa, uvujaji uko kwenye mzunguko wa breki: diaframu za buster (silinda za upepo zinazosukuma breki), vali ya mguu, mipira ya magurudumuni. Hatua hizo mbili zinakuondolea nusu ya basi kabla hujachukua maji ya sabuni.

Kwa maputo, usisikilize tu, angalia basi lilivyolala asubuhi. Pembe moja ikiwa chini, ni puto lake au bomba lake. Upande au ekseli nzima ikishuka, tazama vali ya kusawazisha kimo pamoja na kifimbo chake. Kifimbo kilichopinda huifanya vali idhani bodi iko juu, ikamwaga upepo bila sababu, na mtu asiyejua hununua maputo mawili. Basi zima likishuka sawasawa, rudi kwenye tenki na vali inayogawa upepo. Puto lenye mikwaruzo midogo ya juu linaweza kuendelea. Likionyesha nyuzi, hilo limekwisha.

Fungua koki za matenki uone kinachotoka. Maji masafi ni unyevu wa hewa na ni kawaida, ila yatolewe kila siku ya kazi. Mchanganyiko mzito wa rangi ya maziwa unaonyesha ringi za kompresa zimechoka na inatupa oili. Oili hiyo huungua kwenye bomba linalotoka kompresa na kuacha masizi magumu. Kwa hiyo kompresa iliyofanyiwa ovahoo inaweza bado kujaza upepo kwa dakika nyingi: bomba lake limebaki na tundu jembamba katikati. Ling’oe, lichungulie, na likiwa limeziba, weka jipya.

Breki ikikanyagwa vizuri lakini gurudumu moja linabaki moto baada ya safari fupi, huo ni ugonjwa wa kulala: shafti ya kemu inayotanua breki imekauka kwenye bushi zake na haitaki kurudi. Grisi na kuizungusha kwa mkono hutosha kama haijaliwa. Basi likivuta upande mmoja baada ya lining mpya, linganisha urefu wa mwendo wa fimbo za buster kulia na kushoto kabla ya kulaumu lining.

Milango haichukui muda mrefu kueleza. Ikifunga polepole na upepo uko kamili, silinda zake zimekauka au skrubu za kubana mpito wa upepo zimejaa uchafu. Ikigonga kwa kishindo, skrubu hizohizo zimefunguliwa mno. Ikifunga vizuri lakini haikutani sawa juu na chini, acha mlango ulivyo na usome sehemu ya bodi.

Kiungo cha katikati

Hii ndiyo sehemu inayolitenga basi hili na mengine, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa sababu imefichwa chini ya sahani ya sakafu na kodiani.

Tofauti na mabasi mengi marefu ya siku hizi yenye injini nyuma kabisa, ya 280 iko mbele na inaendesha ekseli ya katikati. Kipande cha nyuma kinavutwa tu. Kwa hiyo kiungo hakisukumwi kukunjwa, na ubovu wake hutokeza dalili za upole mwanzoni.

Mlio mmoja wa chuma, “ko!”, wakati wa kuondoka na mwingine wakati wa breki: kiungo kimepata mchezo. Pima kabla ya kufungua. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, chora mstari wa chaki unaokata vipande vyote viwili, kisha dereva asogeze mbele na nyuma taratibu sana huku mwingine akitazama mstari akiwa pembeni, kamwe asiwe kati ya vipande. Mstari ukivunjika kwa milimita kadhaa kabla ya nyuma kufuata, beringi na pini zinahitaji kazi. Usipovunjika, mlio unatoka kwingine, mara nyingi bushi za ekseli.

Mlio wa kukwaruza kwenye kona ni grisi. Grisi ya miaka mingi hugeuka ngumu, na pampu ya grisi ikikataa kuingia, fundi huondoka akidhani imejaa. Zitafute nipeli zote (vichuchu vya kuingizia grisi) na uzihesabu. Kwenye mabasi yaliyofufuliwa kwa haraka utakuta rangi mpya nzuri imezipaka na kuziziba. Zing’oe, safisha njia, sukuma mpaka grisi ya zamani yote itoke na mpya ionekane.

Taa za nyuma zinazowaka barabara ikinyooka na kuzima kwenye kona ni ugonjwa wa kazi halisi. Nyaya zinapita kwenye kiungo na kukunjwa kila kona ya kila ruti kwa miaka mingi. Shaba inakatika ndani ya ganda lake, ganda linabaki zima, na macho hayaoni kitu. Ukipima likiwa limeegeshwa limenyooka, mita inasema kila kitu ni salama. Lazima upime basi likiwa limekunjwa, kulia hadi mwisho kisha kushoto hadi mwisho, mita ikiwa imefungwa kwenye waya mmoja baada ya mwingine. Tatizo likitokea upande mmoja tu, umeshajua ni upande gani waya unavutwa. Na ukishalipata, usiunge katikati ya sehemu inayokunjwa. Kiungo kigumu hapo kitaukata waya pembeni yake mapema. Badilisha kipande chote kutoka kisanduku cha mbele hadi cha nyuma, kwa waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na uuachie ulegevu wa kutosha kona zote mbili.

Mabomba ya upepo yanapita hapohapo. Breki za nyuma zikilegea kwenye kona pekee, au sauti ya upepo ikisikika ukikata usukani, kuna mpira unaobanwa au kusuguliwa. Hili si la kusubiri wikendi.

Kodiani yenyewe hupasuka kwanza chini kwenye mikunjo, ambako maji na mchanga hukaa. Viraka vya kitambaa chenye mpira vinashika vizuri kama pamesafishwa na kukwaruzwa, na kwa basi la maonyesho vinatosha miaka. Mpasuko wa upande mmoja tu, mrefu, upande uliovutika, unakuambia basi liliegeshwa limekunjwa likapigwa jua muda mrefu. Ndiyo maana basi la namna hii huegeshwa limenyooka, hata kama uwanja ni mdogo na majirani wanalalamika. Abiria wakisema wananusa moshi katikati ya basi, tafuta tundu la kodiani na uvujaji wa egzosi kwa pamoja; kuziba kimoja tu hakutoshi.

Tairi za nyuma kabisa zikiliwa upande mmoja kwa meno ya msumeno, na basi lako lina ekseli ya nyuma inayokata kona, kagua fimbo zinazounganisha ekseli hiyo na kiungo. Bushi zilizoisha huziacha tairi zikokotwe kwa pembe hata kwenye barabara iliyonyooka.

Mlango haukutani, kioo kinapasuka chenyewe

Bodi ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, ikavikwa bati. Mabomba hayo yakiingia maji huoza kutoka ndani, na nje rangi inabaki inameta. Dalili za kwanza ni za mbali: mlango unaogusa chini, kioo cha pembeni kinachopasuka bila kupigwa, mpindo mdogo wa mstari wa madirisha.

Pima fremu ya mlango kwa utepe, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vya mshazari vikitofautiana, fremu imelala, na kurekebisha bawaba ni kuficha ugonjwa. Gonga chini ya ngazi za milango, kuzunguka magurudumu, na chini ya mfereji wa paa. Mlio mkavu ni chuma. Mlio mzito na kutu inayodondoka ni kazi ya wiki nyingi. Pwani ongeza chumvi ya bahari kwenye hesabu hiyo.

Wakati wa kuchomelea, tegemeza bodi kabla ya kukata bomba lolote, la sivyo utachomelea basi katika umbo lake lililopinda na litabaki hivyo. Tenga betri na alteneta. Badilisha bomba moja, funga, kisha nenda jingine. Ndani ya mabomba mapya pulizia nta ya kuzuia kutu na uache tundu la kutolea maji mahali pa chini kabisa. Puti nene juu ya bati bovu haitaokoa kitu hapa, hata ikipakwa rangi ya UDA kwa ustadi gani.

Likishaanza kutembea

Klachi ijaribiwe kwa gia ya juu mwendo mdogo: kanyaga mafuta, na injini ikipanda mlio bila basi kuongeza mwendo, inateleza. Ikitetemeka tu wakati wa kuondoka, tazama mipira ya injini na oili inayovuja kwenye flaiwili kabla ya kununua sahani mpya.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila abiria, kwenye barabara yenye vituo ili breki zifanye kazi kama zamani. Baada ya kilomita chache simama, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa, na linganisha joto lake kulia na kushoto. Angalia mshale wa upepo, maji ya rejeta na chini ya kiungo. Rudi gereji, kaza nati za magurudumu upya, acha basi usiku mmoja likiwa na upepo kamili, na asubuhi pima kimo cha pembe zote kabla ya kuliwasha.